Gitaa Litoe Ushahidi: Blaki Metali ni Nini, na Albamu Zipi ni Zake?



Mwaka 1982 vijana watatu wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, waliokuwa wakijiita Venom, walitoa santuri yao ya pili na kuiita Black Metal. Jina hilo ndilo lililobaki. Leo ukitaja blaki metali mbele ya mtu yeyote anayefuatilia muziki wa magitaa mazito, atakutajia Venom hata kabla hujamaliza sentensi. Nimekuja jioni hii kusema kwamba albamu iliyoupa muziki huu jina lake haimo ndani ya muziki wenyewe. Ni albamu ninayoipenda. Ina vurugu, ina kicheko, imepigwa kwa mwendo wa panki na kwa roho ya Motörhead. Lakini mtu anaweza kumpa mtoto jina bila ya kuwa mzazi wake.

Ubishi wa imo au haimo ni mkubwa katika muziki huu kuliko katika mwingine wowote niujuao, pengine tukiwaacha wale wanaogombana kila siku ipi ni taarabu ya asili na ipi ni rusha roho tu. Watu wazima, wenye kazi na familia, wanaweza kukesha wakijadili kama albamu moja ya mwaka 1996 ni halali au si halali. Sioni ubaya. Mtu anayebishana hivyo amesikiliza. Tatizo ni kwamba wengi hupima kwa kitu kisichosikika.

Kipimo kinachotumika sana ni Shetani. Maneno ya nyimbo yakimtukuza Ibilisi, basi ni blaki metali, yasipomtukuza, siyo. Najua humu ukumbini wamo waliokuja na wasiwasi kwa sababu hiyo hiyo, na sitawabeza: wapo wapigaji walioimba ushetani na kuumaanisha. Ila kipimo chenyewe hakishiki. Mercyful Fate wa Denmark walitoa Melissa mwaka 1983, na mwimbaji wao King Diamond alikuwa tayari anajipaka uso rangi na kuimba mambo ya kuzimu. Sikiliza magitaa yake: ni hevi metali safi, iliyonyooka, karibu niseme ya kistaarabu. Upande wa pili wako Immortal wa Bergen, Norwei. Hakuna shabiki anayeitilia shaka Pure Holocaust yao ya mwaka 1993, na Shetani hana kazi humo. Wao shughuli yao ni barafu, tufani na milima, pamoja na himaya ya kubuni waliyoiita Blashyrkh. Enslaved nao waliimba miungu ya kale ya Skandinavia na safari za Waviking.

Kisha kuna Horde. Mwaka 1994 Mwaustralia mmoja, Jayson Sherlock, aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi ya Kikristo ya Mortification, alipiga kila ala peke yake, akaimba mwenyewe, akatoa albamu ya Hellig Usvart huku akijificha nyuma ya jina la Anonymous. Maneno yote ni ya kumtukuza Kristo na kumshambulia Shetani. Muziki ni blaki metali tupu, ya baridi, ya kasi, ya sauti ya kukwaruza. Mashabiki walikasirika kweli kweli, na hasira yao ndiyo ushahidi wangu. Hakuna anayekasirishwa na albamu ya injili inayosikika kama injili.

Kipimo cha pili ni jinai. Tarehe 6 Juni 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, liliteketezwa, na mengine yakafuata. Agosti 1993 Øystein Aarseth, mpiga gitaa wa Mayhem aliyejulikana kwa jina la Euronymous, aliyekuwa na duka la santuri la Helvete pale Oslo, aliuawa kwa kisu na Varg Vikernes wa Burzum. Vikernes alihukumiwa mwaka 1994 kifungo cha miaka 21, akatoka 2009. Magazeti, na baadaye filamu, yameyafanya mambo hayo kuwa ndiyo blaki metali yenyewe. Lakini ulikuwa uhalifu wa watu wachache, katika muda mfupi, katika nchi moja. Rotting Christ wa Athens na Master's Hammer wa Prague walikuwa wakitunga muziki wao miaka hiyo hiyo bila ya kumchomea mtu kanisa.

Na ukitaka kuona jinsi jinai isivyoweza kutusaidia kusikia, chukua De Mysteriis Dom Sathanas ya Mayhem, iliyotoka Mei 1994. Gitaa ni la Euronymous. Besi ni la Vikernes. Marehemu na aliyemuua wanapiga pamoja katika kila wimbo, kwa sababu rekodi ilifanyika kabla ya mauaji. Wazazi wa Euronymous waliomba besi la Vikernes liondolewe, na mpiga ngoma, anayeitwa Hellhammer, hakulirudia; likabaki. Ukilijua hilo unasikiliza kwa moyo mzito. Lakini hulisikii. Hakuna noti inayokuambia.

Kipimo cha tatu kina ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana kinapotosha zaidi: kwamba blaki metali ni rekodi mbovu. Mfano unaotajwa ni Filosofem ya Burzum, iliyorekodiwa Machi 1993 na kutoka 1996, ambayo Vikernes aliimbia kwenye kipaza sauti cha hedifoni na kupitisha gitaa kwenye amplifaya ya redio ya nyumbani. Mwingine ni Nattens Madrigal ya Ulver, ya mwaka 1997, yenye mlio wa kutoboa masikio hata ukazushwa uvumi kwamba walikwenda kurekodi msituni na pesa za kampuni wakazitumia kununua suti. Uvumi huo ni wa uongo, ingawa nakiri ungekuwa mtamu. Hata hivyo, De Mysteriis, pamoja na albamu za mwanzo za Emperor, Immortal na Burzum mwenyewe, zilirekodiwa Grieghallen, ukumbi mkubwa wa matamasha wa mji wa Bergen uliopewa jina la mtunzi Edvard Grieg, chini ya fundi mitambo aliyeijua kazi yake, Eirik Hundvin, maarufu kama Pytten. Wenye pesa walikuwa wachache, ni kweli. Lakini mlio ule mwembamba ulichaguliwa.

Basi kama si maneno, si mahakama, si studio, ni nini? Jibu langu ni gitaa.

Tuliolelewa na muziki wa dansi tumezoea magitaa yanayosemezana. Solo linauliza, ridhimu linaitikia, besi linashika chini, na ukifumba macho unaweza kumfuata kila mpigaji peke yake. Kila noti ina mwanzo na mwisho. Hevi metali, kwa ukali wake wote, ilibaki katika adabu hiyo: mpigaji huziba nyuzi kwa ubavu wa kiganja ili kila pigo likatike, na ukatikaji huo ndio unaomfanya msikilizaji atikise kichwa. Dethi metali, iliyotamba Florida na Stockholm mwishoni mwa miaka ya 1980, ilishusha nyuzi chini kabisa na kuufanya mkato huo kuwa mzito na wa hesabu ngumu.

Blaki metali ilikiondoa kiganja. Nyuzi zimeachwa wazi, mkono wa kulia unapanda na kushuka kwa kasi isiyokoma, na badala ya noti moja moja mpigaji anazunguka ndani ya noti tatu nne za huzuni zinazogongana kidogo. Matokeo yake ni kwamba ncha za noti zinapotea. Huwezi tena kuhesabu mapigo. Unasikia mlio mmoja mrefu, kama wa nyuki waliotibuliwa mzinga, na ndani ya mlio huo tuni inageuka polepole. Hapa ndipo siri yote ilipo. Ngoma zinakimbia, tuni inatembea. Kasi ikizidi kiasi, na ikikosa mabadiliko, sikio huacha kuisikia kama kasi, na muziki unaonekana kusimama. Mtu anayesikiliza mara ya kwanza huona ni kelele. Akivumilia dakika nne tano, anaanza kusikia sauti ambazo hakuna aliyezipiga, zinazoelea juu ya magitaa mawili yanayosuguana.

Mtindo huo una wenyewe. Euronymous alikuwa mmoja. Mwingine ni Snorre Ruch wa Trondheim, mwenye bendi ya Thorns, ambaye kanda yake ya majaribio ya mwaka 1991, Grymyrk, ilipita mkono kwa mkono kati ya vijana wachache na kuwabadilisha wote. Ruch alimsindikiza Vikernes usiku wa mauaji na akafungwa kwa kushiriki, kwa hiyo watu hupendelea kumtaja kwa jambo hilo. Mimi namtaja kwa mkono wake wa kulia.

Tuuone mkono huo ukifanya kazi. Darkthrone wa Kolbotn, kitongoji cha kusini mwa Oslo, walikuwa bendi ya dethi metali. Albamu yao ya kwanza, Soulside Journey ya mwaka 1991, waliirekodi Sunlight, studio maarufu ya Stockholm, ikatoka vizuri, na kampuni ya Peaceville ya Uingereza ikasubiri ya pili iwe kama ile. Vijana wakabadili nia katikati ya safari. Mpiga besi hakukubaliana na njia mpya, akapiga sehemu yake kisha akaondoka. Peaceville walipoletewa A Blaze in the Northern Sky walishtuka: gitaa jembamba, uzito umekwenda wapi? Wakataka ichanganywe upya. Darkthrone wakajibu kwamba ikiguswa wataipeleka kwa Euronymous, aliyekuwa na lebo yake ya Deathlike Silence. Peaceville wakasalimu amri, na albamu ikatoka Februari 1992. Leo imo katika maonyesho ya historia ya utamaduni ya Maktaba ya Taifa ya Norwei.

Wengi huiita albamu hiyo lango. Mimi naiona ni bendi inayohama nyumba na mizigo ya kale ingali mgongoni. Wimbo wa kwanza, wenye zaidi ya dakika kumi, una vipande vizima vya dethi metali vilivyopakwa rangi. Under a Funeral Moon ya mwaka 1993 ndiyo ya kwanza kuingia ndani yote. Na mwaka 1994 ikaja Transilvanian Hunger, ambayo ningeambiwa nichague moja tu, ningeichagua hiyo. Fenriz wa Darkthrone alirekodi gitaa, besi na ngoma peke yake kwenye mashine ya nyumbani ya njia nne, kisha mwenzake Nocturno Culto akaja kuimba. Wimbo uliobeba jina la albamu una dakika sita hivi. Ngoma zinashika mwendo mmoja na hazina haja ya kuuacha. Hakuna mbwembwe ya kupita kutoka kifungu hadi kifungu. Gitaa lina vifungu vichache mno, na kimoja kikigeuka kuwa kingine ni noti moja au mbili tu zilizosogea. Noti hiyo ikisogea, unahisi chumba kizima kimesogea.

Albamu hiyo hiyo ilitoka na maneno ya ubaguzi wa rangi nyuma ya jalada, na taarifa ya bendi ilikuwa na matusi dhidi ya Wayahudi. Peaceville walijitenga na kauli hizo, na Darkthrone baadaye wakaomba radhi. Baadhi ya maneno ya nyimbo zake yaliandikwa na Vikernes. Nayasema haya mbele yenu, sisi watu weusi tuliokaa kusikiliza habari za vijana wa Oslo, kwa sababu kuna wanaodhani kwamba kusema albamu imo ni kuitunuku heshima. Hvis lyset tar oss ya Burzum, ya mwaka 1994, imo, tena imo ndani kabisa. Mtunzi wake ni muuaji na mbaguzi asiyejuta. Maelezo hayo mawili hayasaidiani na hayafutani. Atakayekataa kuinunua ana haki yake, na mimi singemshawishi. Pesa zako unajua pa kuzipeleka. Ila asiseme si blaki metali.

Sasa turudi nyuma. Kama Venom wako nje, ilianza wapi? Kwa maoni yangu, Stockholm, mwaka 1987, na Under the Sign of the Black Mark ya Bathory. Bathory alikuwa ni Quorthon, kijana mmoja na wasaidizi wanaobadilika, aliyerekodi kwenye gereji iliyogeuzwa studio. (Jalada lake la kutisha lilipigwa picha kwenye jukwaa la Opera ya Kifalme ya Stockholm, ambapo mandhari ya Carmen ilikuwa bado imesimama.) Albamu mbili za kabla yake zina ghadhabu hiyo lakini mkono bado ni wa Venom. Katika hii ya tatu gitaa limeyeyuka, sauti ya mwimbaji inatoka mbali nyuma ya ukungu, na wimbo wa Enter the Eternal Fire unaenda taratibu kabisa. Taratibu, nasema, kwa wale wanaodhani kasi ndiyo sharti. Celtic Frost wa Uswisi nawapa shukrani, siwapi kiti: To Mega Therion ya mwaka 1985 imefundisha kila mtu, lakini inakanyaga ardhi, haielei.

Wagiriki wananisumbua. Thy Mighty Contract ya Rotting Christ, ya mwaka 1993, ina magitaa yanayozibwa kwa kiganja, kifungu kwa kifungu, kinyume cha yote niliyoyaeleza. Kwa kipimo changu ingepaswa kubaki nje na Mercyful Fate. Nimeisikiliza sana na siwezi kuitoa. Tuni zake ndefu zenye kiza zinafanya kazi ile ile kwa njia nyingine, kwa joto pale Wanorwei walipotumia baridi, na ngoma zinanesa badala ya kukimbia. Kipimo kinachoitoa albamu hii ni kipimo kilichokatwa Oslo. Kwa hiyo naipanua sheria yangu: mkono ulio wazi ni njia ya kawaida, na lengo ni tuni inayotanda mpaka ikafunika mapigo.

Vinanda haviharibu kitu. In the Nightside Eclipse ya Emperor, ya mwaka 1994, imejaa vinanda pomoni na hakuna albamu iliyo halali kuliko hiyo, kwa kuwa kinanda kimeingia ndani ya gitaa na huwezi kuvitenganisha. Dimmu Borgir wa Stormblåst, 1996, wamo kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka uliofuata walitoa Enthrone Darkness Triumphant, studio safi, mauzo makubwa, na gitaa limerudi kukata kata huku kinanda kikiachiwa kazi yote ya kutanda. Hapo mguu mmoja uko nje. Cradle of Filth wa Uingereza, pamoja na rangi zao usoni na mavazi yao ya kaburini, magitaa yao yamelelewa na Iron Maiden. Dusk and Her Embrace ni albamu ya kuburudisha sana. Haimo.

Halafu Sunbather. Deafheaven wa San Francisco waliitoa mwaka 2013 ikiwa na jalada la waridi, na ungedhani wamechoma kanisa wao. Vijana waliovaa kawaida, hakuna rangi usoni, maneno yanazungumzia kutamani nyumba za matajiri. Funga jalada, sikiliza mkono wa kulia. Nyimbo nne ndefu zinatanda kama inavyotakiwa. Tofauti ni kwamba noti zao zinaelekea kwenye furaha, au kwenye aina ya furaha inayoumiza. Nazikubali nne hizo. Vile vipande vitatu vifupi vya katikati, mgeni anaweza kwenda kunywa chai.

Najua mtaniuliza kuhusu watu weusi wenyewe. Manuel Gagneux, mtoto wa baba wa Uswisi na mama Mmarekani mweusi, alijitokeza na Zeal & Ardor, na katika albamu ya Devil Is Fine alijiuliza ingekuwaje kama watumwa wa Marekani wangemgeukia Shetani badala ya Yesu. Wazo ni zito, na uimbaji wake wa kuitikiana, kama wa wafungwa kazini, unasisimua. Lakini nyimbo ndizo zinazoongoza, gitaa linaingia kusisitiza kisha linatoka. Kwa hapa kwetu, Duma wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na dunia ikaandika sana. Ina ukali kuliko nusu ya albamu nilizozitaja. Lakini asili yake ni graindikoa na kelele za mashine. Ngoma za kompyuta zinapasuka kila upande, na kazi yake yote ni kukuzuia usitulie. Blaki metali inataka utulie ndani ya dhoruba. Duma wakija kuambiwa hawamo, sidhani kama watakosa usingizi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Fundi ameniandalia dakika sita za Transilvanian Hunger na dakika saba za Enter the Eternal Fire, na ombi langu ni moja: wasikilizaji wa mara ya kwanza wasiondoke kabla ya dakika ya nne. Baada ya hapo nitapokea maswali, na ninaanza na yule kijana wa nyuma mwenye fulana ya Cradle of Filth, ambaye ameunyanyua mkono wake tangu nilipotaja Iron Maiden.